Roho kwa Papa, Mwili kwa Mfalme: Utii wa Wakatoliki na Matengenezo ya Kanisa Ayalandi



Mwezi wa Mei mwaka 1613 Bunge la Ayalandi lilikutana katika Ngome ya Dublin, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kumchagua Spika. Waprotestanti walikuwa na mtu wao, Sir John Davies, mwanasheria mkuu wa serikali, mtu mwenye tambo la kupita kiasi. Wakatoliki walimtaka Sir John Everard, aliyekuwa jaji akaukosa ujaji kwa kukataa kula kiapo cha kumkiri mfalme kuwa mkuu wa Kanisa. Ulipofika wakati wa kura, Waprotestanti walitoka nje ili wahesabiwe. Wakatoliki wakabaki ndani, wakaona mwanya, wakamketisha Everard kitini. Wenzao waliporudi walikuta kiti kina mwenyewe. Hawakupoteza muda kubishana. Walimnyanyua Davies na mwili wake wote, wakambwaga mapajani pa Everard, kisha wakamvuta Everard kwa chini mpaka akatoka. Wakatoliki wakasusa, wakaondoka bungeni.

Walikwenda wapi? Ndipo ninapotaka tuanzie. Hawakukimbilia porini kuchukua silaha, wala hawakumwandikia mfalme wa Uhispania. Walichangishana fedha, wakatuma ujumbe London kwa Mfalme James wa Kwanza, wakamlalamikia kama raia wanavyomlalamikia mtawala wao. Walisema serikali ya Dublin imeunda majimbo mapya kadhaa ya uchaguzi kwa hila, mengine yakiwa vijiji tu na mengine miji ambayo bado haijajengwa, ili Waprotestanti wapate viti 132 dhidi ya 100 vya Wakatoliki katika nchi ambayo Wakatoliki ndio walikuwa wengi. James aliyafuta baadhi ya majimbo hayo. Lakini mwezi wa Aprili 1614 aliwakemea waziwazi: ninyi ni raia nusu, roho zenu mmempa Papa na mimi mmeniachia miili.

Kwa mtazamo wa mfalme, mshika mawili moja humponyoka. Wakatoliki walijibu kwa miaka mia mbili kwamba hayo mawili yanashikika vizuri, tatizo ni mfalme kutokubali kushikwa. Historia hii husimuliwa mara nyingi kwa njia mbili rahisi. Ya kwanza ni ya Waingereza wa enzi zile: Wakatoliki walikuwa waasi kwa dini yao. Ya pili ni ya wazalendo wa Ayalandi: Wakatoliki walikuwa wapigania uhuru kwa dini yao. Mimi siikubali yoyote kati ya hizo mbili, kwa sababu zote zinafanana katika jambo moja: zinamchukulia Mkatoliki wa Ayalandi kama mtu aliyezaliwa adui wa taji. Kumbukumbu zinaonyesha mtu aliyebisha hodi kwenye mlango wa utii vizazi na vizazi, na walio ndani wakazidi kuona faida ya kutomfungulia.

Turudi nyuma kidogo. Wafalme wa Uingereza walijiita mabwana wa Ayalandi tangu karne ya 12, na hoja yao kuu ilikuwa kwamba Papa Adrian wa Nne, Mwingereza pekee aliyewahi kuwa Papa, alimpa Henry wa Pili idhini hiyo. Kwa hiyo Henry wa Nane alipoachana na Roma alikata tawi alilokalia. Bunge la Dublin lilimtambua kuwa mkuu wa Kanisa mwaka 1536, na mwaka 1541 likamtangaza mfalme wa Ayalandi, cheo kisichohitaji baraka ya Papa.

Ajabu ni jinsi jambo hilo lilivyopita kimya. Machifu wa Kigaeli, wenyeji wa asili wa kisiwa hicho, ambao tungetegemea wawake moto, walitia sahihi mikataba ya kusalimisha ardhi zao kwa mfalme na kurudishiwa kwa hati za Kiingereza, na katika karatasi hizohizo wakamkana Papa. Conn O'Neill, mkuu wa ukoo wenye nguvu kuliko zote kaskazini, alivuka bahari mwaka 1542 akafanywa Earl wa Tyrone mbele ya mfalme. Monasteri zilipofungwa, wafanyabiashara na mabwana wa maeneo yaliyo karibu na Dublin walizinunua ardhi zake bila haya, na wajukuu wao wakaja kuwa Wakatoliki wakereketwa waliokaa juu ya mashamba ya watawa. Mwaka 1538 fimbo iliyoaminiwa kuwa ya Yesu mwenyewe, aliyopewa Mtakatifu Patrick, ilichomwa moto hadharani Dublin. Watu walihuzunika, ila hawakuasi kwa ajili yake. Miaka hiyo ya mwanzo, basi, mlango ulikuwa wazi, na Kanisa jipya lingeweza kuingia.

Lilishindwa kuingia, na sababu mojawapo ni ya kushangaza kwa watu waliodai kwamba kila Mkristo alisikie Neno kwa lugha yake. Kitabu cha kwanza kuchapwa katika ardhi ya Ayalandi kilitoka mtambo wa Humphrey Powell mjini Dublin mwaka 1551: Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza, kwa Kiingereza, katika nchi ambayo wengi walisema Kigaeli. Sheria ya mwaka 1560 ikatatua tatizo kwa namna ya kuchekesha: mahali ambapo mchungaji hajui Kiingereza, aongoze ibada ya Kiprotestanti kwa Kilatini! Yaani mwanakijiji aliyekuwa akisikia misa ya Kilatini bila kuielewa sasa angeisikia ibada iliyoipinga misa, kwa lugha ileile, na bado asielewe.

Malkia Elizabeth alitoa fedha zitengenezwe herufi za kuchapia Kigaeli. Miaka ikapita bila kitabu, hadi serikali ikatishia kuzidai zirudishwe. Katekisimu ndogo ilitoka mwaka 1571. Agano Jipya lilichapwa kati ya 1602 na 1603, malkia akiwa karibu kufa. Agano la Kale lilisubiri mpaka 1685. Askofu aliyelisimamia, William Bedell wa Kilmore, Mwingereza aliyejifunza Kigaeli uzeeni, alipigwa vita na viongozi wenzake wa Kanisa, na mtu wake mkuu wa kutafsiri akanyang'anywa parokia. Wakatoliki walipoasi mwaka 1641 walimheshimu Bedell kuliko walivyomheshimu Mprotestanti mwingine yeyote wa eneo lile, na alipofariki mwaka uliofuata walilisindikiza jeneza lake na kumpigia mizinga ya heshima kwa bunduki zao. Sijui ushahidi mzito zaidi ya huo juu ya kile ambacho kingewezekana.

Sisi wa pwani hii tuna kipimo chetu cha jambo hili. Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha wamisionari cha Kanisa hilohilo la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Askofu Edward Steere akafuata Zanzibar na mtambo wake wa kuchapia. Kanisa lilelile lililotumia zaidi ya miaka 120 kuwapa Waayalandi Biblia kamili lilitambua hapa kwamba kazi huanza na lugha. Tofauti ni kwamba Krapf hakufika Mombasa akiwa na hati ya kumiliki shamba la mtu. Hayo ya mashamba yalikuja baadaye, na kwa mikono mingine.

Turudi Ayalandi. Katika miaka ile ya kuchelewa, Wakatoliki hawakulala. Wafransisko wa Ayalandi walifungua chuo chao Louvain mwaka 1607, na kufikia 1611 katekisimu ya Kigaeli ilikuwa imechapwa Antwerp. Vijana walivushwa kwa siri kwenda Salamanca, Douai na Roma, wakarudi mapadri waliosoma, wenye lugha ya watu wao, wakilala katika nyumba za ndugu zao. Upande wa pili kulikuwa na makanisa yaliyoezuka paa na wachungaji wanaoshikilia parokia nne au tano kwa mpigo. Chuo cha Trinity kilianzishwa Dublin mwaka 1592 kufundisha wachungaji wa Kiprotestanti. Kilichelewa, na kilifundisha zaidi watoto wa walowezi.

Nimetaja walowezi. Kuna ukweli mmoja ambao pande zote mbili za masimulizi yale rahisi hupenda kuuruka. Aliyeanza upandaji wa walowezi wa Kiingereza kwa sheria alikuwa Malkia Mary, Mkatoliki mwenye imani kali, mke wa Philip wa Uhispania. Chini yake, katika miaka ya 1550, ardhi za koo za O'More na O'Connor zilichukuliwa, wilaya zikapewa majina ya malkia na mumewe. Wenyeji walikuwa Wakatoliki, na malkia aliyewanyang'anya alisali misa ileile kama wao. Ardhi ilianza safari yake bila dini. Dini ilipandishwa garini njiani, na baada ya hapo haikushuka.

Mwaka 1570 Papa Pius wa Tano alimtenga Elizabeth na Kanisa na kutangaza kwamba raia wake hawafungwi tena na utii kwake. Nadhani hakuna tamko lililowaumiza Wakatoliki wa Ayalandi kuliko hilo. Wachache walilifurahia. James FitzMaurice, wa ukoo wa Desmond, alirudi kutoka uhamishoni mwaka 1579 na bendera ya Papa, na vita vya Desmond vikaiacha Munster jangwa la njaa. Lakini watu wa miji ya mashariki na kusini, wazao wa Waingereza wa karne ya 12 walioitwa Waingereza wa Zamani, walijikuta wamebanwa katikati. Walikuwa Wakatoliki, na walikuwa watu wa taji tangu mababu. Hata katika vita vya miaka tisa vilivyoamuliwa na kushindwa kwa Hugh O'Neill, mkuu wa ukoo uleule wa kaskazini, pale Kinsale mwaka 1601, wengi wao hawakumfuata O'Neill ingawa alitangaza kwamba anapigania dini yao.

Mtazameni Margaret Ball, mke wa mfanyabiashara tajiri aliyewahi kuwa meya wa Dublin. Nyumba yake ilikuwa maficho ya mapadri. Mwanawe mkubwa, Walter, aligeuka Mprotestanti, na mwaka 1580 alipokuwa meya alimkamata mama yake mzazi. Bibi huyo hakuweza tena kutembea vizuri. Alifungwa juu ya tenga la miti, akaburutwa mitaani hadi gereza la Ngome ya Dublin. Angeweza kutoka siku yoyote kwa kula kiapo. Hakula, na alifia humo mwaka 1584. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mwaka 1992.

Watu huisimulia habari hii kama ya imani dhidi ya serikali. Kwangu inasema zaidi juu ya nyumba. Serikali ilikuwa na mameya, majaji na faini ya peni 12 kwa kila Jumapili mtu asipofika kanisani. Haikuwa na mama. Waliofundisha watoto sala, waliochagua mwalimu, waliowaficha mapadri darini walikuwa wanawake wa aina ya Margaret, na wengi wa wana wao, tofauti na Walter, waliwafuata mama zao. Waume walikwenda kwenye ibada ya Kiprotestanti kulinda vyeo, wake wakabaki nyumbani na misa. Kizazi kimoja baadaye hata waume waliacha kwenda.

Kaskazini, mabwana wa Kigaeli walioshindwa walipanda meli Rathmullan mwaka 1607 na hawakurudi. Ardhi zao zikagawiwa walowezi kutoka Uingereza na Uskoti, na Davies wetu mnene alikuwa miongoni mwa waliouchora mpango huo. Kuanzia hapo Mprotestanti wa Ayalandi alikuwa, kwa kawaida, jirani mpya anayelima shamba lililokuwa la mtu mwingine. Mhubiri wa namna gani angeshinda katika hali hiyo?

Wakatoliki walipoasi mwaka 1641 damu nyingi ya walowezi ilimwagika, na Waprotestanti hawakusahau. Mwaka uliofuata waasi waliunda serikali yao Kilkenny, na kaulimbiu yao ya Kilatini ilimtaja Mungu, mfalme na nchi. Waliapa kumtii Charles wa Kwanza huku wakipigana na majeshi yaliyobeba jina lake! Walitaka mfalme awape uhuru wa kuabudu na usalama wa mali, nao wampe jeshi dhidi ya Bunge la London. Papa alimtuma Askofu Mkuu Rinuccini aliyefika mwaka 1645 na fedha na silaha, na msimamo mkali: hakuna amani bila Kanisa Katoliki kurudishiwa hadhi yake yote. Mwaka 1648 aliwatenga na Kanisa Wakatoliki waliounga mkono mapatano na maadui wa jana. Maaskofu wenyewe waligawanyika, wengine wakakata rufaa Roma. Mwaka 1649 Cromwell, jemadari wa Bunge hilo la London, akashuka Dublin, na miji ya Drogheda na Wexford ikaona mauaji makubwa. Cromwell hakuwa na habari ya nani alikuwa mtiifu kwa mfalme. Mfalme mwenyewe alikuwa ameshakatwa kichwa.

Tazameni ardhi. Mwaka 1641 Wakatoliki walimiliki karibu asilimia 60 ya ardhi ya Ayalandi. Mwaka 1688 ilikuwa asilimia 22. Walimuunga mkono James wa Pili, mfalme halali na Mkatoliki, wakashindwa Boyne mwaka 1690 na Aughrim mwaka 1691, na kufikia 1703 walibakiwa na asilimia 14. Vita hivyo vya mwisho nitavipita haraka, maana vimechorwa ukutani Belfast vya kutosha. Nitasema tu kwamba safari hii Wakatoliki ndio waliomtetea mfalme aliyekuwa na taji, na Waprotestanti ndio waliomwasi.

Sheria zilizofuata zilikuwa na akili ya kikatili. Mkatoliki asimiliki silaha, wala farasi mwenye thamani ya zaidi ya pauni 5. Asimpeleke mtoto kusoma ng'ambo. Maaskofu na watawa waondoke nchini. Sheria ya mwaka 1704 iliagiza ardhi ya Mkatoliki igawanywe sawa kwa wanawe wote afapo, mpaka isambaratike. Lakini mkubwa akigeuka Mprotestanti, urithi wote ni wake, na baba yake angali hai hubaki mpangaji wa maisha katika shamba lake mwenyewe. Nyongeza ya mwaka 1709 ilimruhusu Mprotestanti aliyegundua ununuzi wa ardhi wa Mkatoliki uliokwepa sheria kwenda mahakamani na kuitwaa. Charles O'Conor wa Belanagare, mwanahistoria mashuhuri wa Kigaeli, mtu aliyetumia kalamu yake kuhubiri kwamba Wakatoliki ni raia waaminifu wa Mfalme George, alishtakiwa uzeeni na ndugu yake wa tumbo moja, aliyegeuza dini na kulidai shamba la ukoo.

Je, sheria hizi zilikusudiwa kuwafanya Waayalandi wote kuwa Waprotestanti? Wanahistoria wanabishana. Mimi naona zilikusudiwa kuwamaliza wenye ardhi, na hapo zilifaulu: majina zaidi ya 5,000 yameandikwa katika daftari za waliogeuka, wengi wao watu wa mali na mawakili. Kuwahubiria wakulima wa mashambani lilikuwa jambo jingine. Tabaka dogo lililoshika ardhi, bunge, mahakama na jeshi kwa sababu ya dini yake lingepata nini kama kesho yake wote wangekuwa wa dini hiyo? Keki ingetosha? Kanisa la serikali likakubali kuwa la wachache na kuishi kwa zaka za wasiosali ndani yake. Hata Wapresbiteri wa kaskazini, Waprotestanti wasio na shaka, walifungiwa vyeo vya serikali mwaka 1704, na wajukuu wao walikuwa mstari wa mbele katika chama cha Umoja wa Waayalandi kilichoasi mwaka 1798.

Roma nayo ilichangia kuufunga mlango. Mapapa waliendelea kuutambua ukoo wa Stuart uliopinduliwa, na kumwachia James, mwana wa James wa Pili aliyekaa uhamishoni, kupendekeza maaskofu wa Ayalandi. Kila askofu aliyepatikana hivyo alikuwa, kwa karatasi, mteule wa adui wa serikali. Mwaka 1766 James huyo alifariki na Papa hakumtambua mwanawe. Miaka 8 baadaye Bunge lilitunga kiapo ambacho Mkatoliki angeweza kula bila kuikana imani yake, na viapo vikamiminika. Mikataba mirefu ya ardhi na hatimaye kura, mwaka 1793, vilifuata. Maaskofu wakawa watiifu kuliko serikali ilivyohitaji: mwaka 1798 Askofu Mkuu Troy wa Dublin aliwalaani waasi, ingawa Padri John Murphy alikuwa akiwaongoza wakulima wa Wexford na mikuki.

Na Daniel O'Connell, shujaa wa Wakatoliki? Mfalme George wa Nne alipozuru Dublin mwaka 1821, O'Connell alipiga magoti akamkabidhi taji la majani ya mlori. Wenzake walimcheka. Mwaka 1828 alishinda ubunge wa Clare, akazuiwa na kiapo kilichoitaja misa kuwa ibada ya sanamu. Mwaka 1829 kiapo hicho kiliondolewa, na wakati huohuo wakulima wadogo waliompigia kura wakanyang'anywa kura zao kwa kupandishiwa kiwango cha mali. Wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840 baadhi ya wahubiri wa Kiprotestanti waligawa chakula pamoja na mahubiri, na kumwita mtu "mla supu" kukawa tusi la kudumu kijijini, hata kwa wachungaji waliogawa supu bila masharti yoyote na kufa kwa homa ya njaa pamoja na waliowahudumia. Mwaka 1869 Bunge la London lililivua Kanisa la Ayalandi hadhi ya kuwa Kanisa la serikali. Wafuasi wake walikuwa kama 12 kwa kila watu 100.

Neno utii halikufa Ayalandi, lilihamia kaskazini. Tarehe 28 Septemba 1912, karibu nusu milioni ya wanaume na wanawake wa Ulster walitia sahihi maagano ya kupinga serikali ya ndani iliyoandaliwa kwa Ayalandi nzima, wanaume wakiahidi kutumia kila njia itakayohitajika. Walikuwa Waprotestanti, wakijiita raia watiifu wa Mfalme George wa Tano, na walichoapa kukipinga ni sheria ya Bunge la mfalme huyohuyo, kwa hofu ya kutawaliwa na Wakatoliki. Usiku wa tarehe 24 Aprili 1914 watu wao walishusha bunduki zipatazo 25,000 katika bandari ya Larne na nyingine mbili za jirani, magari yakasubiri kwa mpangilio, polisi na forodha wakazuiwa njiani. Bunduki hizo zilinunuliwa Hamburg. Miezi michache baadaye Ujerumani na Uingereza zilikuwa vitani.